Kanga wa Vigae

Sogeeni wanangu, lakini msinikalie kitandani. Kitanda hiki ni changu mpaka nitakapokiacha. Mwalimu, jirani yangu, chukua kiti ukae, maana nimekuita uwe shahidi, na ninayoyasema leo sitayarudia. Na wewe wifi, dada wa marehemu mume wangu, nakuona umejibanza mlangoni. Baki hapo hapo. Zamu yako inakuja.

Sikilizeni. Wewe kifungua mimba, meneja wa watu, na wewe binti, kitinda mimba wangu, niliyekubeba mgongoni huku nikishona: sikuwaita kwa sababu nimewasamehe. Juzi nilipotolewa hospitali nikaingizwa humu, nilidhani dereva amekosea mlango. Kuta nyeupe kama chumba cha kuoshea maiti. Makochi ya rangi ya kahawa, yote sare, yamepangwa kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa kwa daktari. Nikauliza, "Kanga wangu yuko wapi?" Wewe kijana ukanijibu huku unatabasamu, "Mama, tulitaka ukirudi ukute pasafi. Pafanane na nyumba za watu."

Nyumba za watu. Kwani mimi nilikuwa naishi nyumba ya nani?

Mnajua mlikula kwa kazi gani. Nilivalisha makochi ya watu upya, nikaingia sebule ambazo leo siwezi kuzitofautisha, kwa kuwa zote zilikuwa moja: picha ile ile ya maporomoko ya maji, maua yale yale ya plastiki, kabati la vioo lenye vikombe ambavyo hakuna aliyewahi kuvinywea. Nikirudi jioni namwambia baba yenu, yetu haitafanana na hizo. Naye, mpiga lipu asiyependa maneno mengi, akasema, "Basi wewe chagua, mimi nitagongelea." Ndipo mlango wa lori bovu ukawa meza yetu, rimu ya baiskeli ikaning'inizwa chupa za kijani ikawa taa, na mabaki ya vitambaa vya wateja nikayaunga yakawa mapazia, hakuna pande lililofanana na jingine. Tuligombana juu ya kila kitu kabla hakijapata mahali pake. Tulicheka pia, lakini hamtanikuta nikiwasimulia vicheko leo.

Nyinyi mlituonea haya tangu mnanyonya. Wewe meneja uliwahi kuwaambia wenzako wa shule kwamba unaishi nyumba ya pili. Nilikusikia kutoka dirishani. Nikasema mtoto ni mtoto, akikua ataona. Kumbe mtoto asiyejua kitu hujifunza, ila anayemwonea haya mzazi wake hukua na haya hiyo kama kibyongo.

Sasa huyo kanga. Hamkuwahi kuniuliza ametoka wapi, mliona tu ndege mkubwa wa vipande vya sahani aliyejaza ukuta mzima wa sebule, mkadhani ni kichaa cha mama. Baba yenu alipofariki, kabla matanga hayajaanuliwa, huyu shangazi yenu aliingia akadai sahani za mama yao, zile nyeupe zenye maua ya buluu, ambazo mama mkwe alimpa mwanawe wa kiume siku tulipooana. Nikakataa. Nilimwambia mbele za watu, "Aliyepewa amekufa, na mrithi wake ni mimi." Wifi hakubishana. Aliinua sanduku lote la sahani, akalibwaga sakafuni, akasema, "Basi tukose wote." Akaondoka, hata viatu hakuvaa.

Sikufagia. Wanawake walikuja na mifagio nikawafukuza. Watu walipotawanyika nilichukua mwiko wa lipu wa baba yenu, nikachanganya saruji na mchanga kama nilivyomwona akichanganya, nikaanza kubandika. Nilichagua kanga kwa sababu wanasema kanga hazai ugenini, na mimi katika ukoo huo nilikuwa nimeambiwa ni mgeni, nami nilikwisha kuzaa, na siendi popote. Vidole vilikatika. Madoa yake meupe ni sahani, na mengine yalikuwa damu, ikakaukia humo humo. Niliyafanya yote kwa chuki. Nilitaka huyu mwanamke akija aone alichovunja, aone kila mara, mpaka macho yamuume.

Naye alikuja. Kila wiki alikuja, miaka na miaka, akaketi kukielekea kile kiti cha kinyozi nilichokiokota, hapana, akaketi juu yake, nachanganya, akaketi juu yake akiuelekea ukuta. Anakunywa chai yangu bila kusema ahsante, ananiambia mkia umepinda, anaondoka. Nilidhani anakuja kutafuta kasoro.

Fundi wa rangi aliyeupaka ukuta huu ndiye aliyeniambia. Juzi alirudi kuchukua ngazi yake, akanikuta nimeukodolea macho huo ukuta mweupe, akaona vibaya, akasema. Kwamba siku ya nyundo, mlipombomoa kanga, shangazi yenu aliingia, akakaa chini mbele ya ukuta, mgongo kwa kanga, akawaambia, "Hizo ni sahani za mama yangu. Nimeshazivunja mara moja, hazivunjwi tena." Kwamba wewe kijana ulimcheka. Na wewe binti yangu, wewe niliyekufundisha kuchanganya rangi ungali huwezi kuandika jina lako, ulimshika kwapani ukamwinua, ukamtoa nje, kisha ukarudi ukaipokea nyundo. Usilie. Machozi yako hayabandiki kitu. Akasema pia kwamba shangazi yenu alibaki uani akiokota vigae katika kifusi, akavijaza ndoo, akaenda navyo.

Wifi, hukuniambia neno. Hata juzi ulikaa hapo kimya, wakati ungeweza kuwachongea hawa kwangu wakaumbuka. Sikupendi. Mwalimu, andika moyoni kwamba sikumpenda mpaka leo. Lakini katika watu wote waliopita sebule yangu, ni huyu peke yake aliyeitazama.

Kwa hiyo sikieni wosia. Katika nyumba hii ataishi wifi yangu mpaka naye aitwe. Hapakwi rangi, hapatundikwi picha, hapaingizwi kiti ila kwa kauli yake. Akitaka kumrudisha kanga, amrudishe kwa jicho lake, si langu, na mkia aunyooshe anavyotaka. Akitaka kuacha ukuta mtupu, ni wake. Makochi hayo yatoeni kesho. Baada yake nyumba ni yenu, lakini kila mmoja alete kwanza kitu alichokichagua mwenyewe, si cha dukani walikochagua wenzake, kitu ambacho mgeni akikicheka hatakificha. Nyumba isiyo na kitu cha kubishania ni gesti. Mtu hulala, akaondoka, asikumbukwe.

Cherehani yangu... nani vile... binti, chukua cherehani. Si zawadi. Ujifunze kuunga.

Pumzi imekuwa nzito. Nizikeni kando ya baba yenu, jiwe lisiwe jeupe. Nilitaka niwalaani, nimelala na laana hiyo mdomoni tangu juzi, imekataa kutoka; nyinyi ni tumbo langu. Basi Mungu awape... awape macho. Mengine mtayatafuta wenyewe. Msigombane na... Mwalimu, umesikia? Eeh.

Maji.

Hapana, binti, kaa. Si wewe.

Wifi. Niletee wewe.