Bibi Ukoo na Lebo Aliyoirudisha

Ifikapo tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne ya utumishi, mwenzetu wa chumba cha kompyuta tunayemwita Bibi Ukoo atarudisha ufunguo wake na kustaafu. Wasifu huu naandika mimi, mtunza ghala la dawa. Wapo wanaoniacha mbali kwa kalamu, lakini kazi hii niliiomba mwenyewe, na sababu mtaiona.

Alianza kama mchapaji ghorofa ya chini, katika chumba kisicho na dirisha, enzi oda za dawa zikiingizwa moja moja kwa mkono. Java, lugha ya kuandikia programu, alijifunza kwa vitabu vya kuazima, saa ya chakula cha mchana, kijiko mkono mmoja na kitabu mkono wa pili. Baada ya miaka sita ndiye aliyeandika programu inayotuma taarifa za dawa kutoka makao makuu hadi maghala yote kumi na saba. Taarifa husafiri kwa XML, yaani maandishi ambayo kila kipande chake kina lebo. Zikifika, programu huzisoma, huzigeuza kuwa vitu ambavyo Java inaweza kuvishika, kisha huchapa karatasi ya mapokezi. Sisi wa ghala tunafuata karatasi hiyo.

Jina la Bibi Ukoo lilitokana na ubao wake, uliochorwa aina za dawa kama watu wa familia moja. Juu yupo mama, "Dawa", mwenye jina, namba ya boksi na tarehe ya mwisho wa matumizi. Chini wapo watoto, kila mmoja karithi vyote vya mama na kuongeza chake. Mtoto aitwaye "Dawa ya Baridi" ameongeza mstari mmoja tu: nyuzijoto za kuhifadhia. Mtaalamu mgeni akileta aina mpya aliulizwa kwanza huyo ni mtoto wa nani, na asiyejua alirudishwa mezani akamtafute mama yake. Mumewe, fundi saa, anasema hata jikoni kwao kila kopo lina lebo, na kwamba siku lebo ya chumvi ilipobanduka, aliyekunywa ile chai ni yeye.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niombe kuandika. Miaka minane iliyopita yalikuja kwenye ghala langu maboksi sitini ya matone ya macho. Maandishi yake yalikuwa ya lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Karatasi ya mapokezi haikutaja baridi, nikayapanga kwenye rafu ya kawaida. Baada ya siku tisa mkaguzi akagundua kwamba yalipaswa kukaa kwenye friji. Yote yakateketezwa, na wagonjwa wakasubiri mwezi mzima. Kumbukumbu za makao makuu zilionyesha wazi kwamba nyuzijoto zilitumwa, kwa hiyo karatasi ya mapokezi niliyoitunza kwenye faili haikuaminiwa, nikaonekana mzembe, tena mwongo. Nikapewa wiki mbili kabla ya kufika mbele ya kamati ya nidhamu, na kila mtu alijua nafukuzwa.

Bibi Ukoo hatukuwa hata na mazoea naye. Alisikia habari zangu kwenye foleni ya chai, akasema kwamba mtu aliyeitunza karatasi yake hivyo hana sura ya kudanganya. Mkuu wake alimwambia aachane na mambo ya ghala. Hakuachana nayo. Alikuja na kigoda chake, akaketi siku tatu mbele ya mashine yangu ya mapokezi, akilinganisha kila kilichotumwa na kila kilichopokelewa. Jambo lile alilivalia njuga kweli kweli.

Siku ya nne jibu likapatikana. Alikuwa ameona kwamba kila taarifa ya dawa ya baridi inafika bila lebo ya aina, ile inayosema huyu ni mtoto yupi. Programu isipoiona lebo humchukulia mtoto kuwa ni mama tu: husoma vya mama, na cha mtoto hukitupa bila kulalamika. Ndivyo nyuzijoto zilivyopotea; dawa nyingine za baridi ziliokolewa na maandishi ya boksi tuliyoweza kuyasoma. Akatafuta ni nani aliyeziondoa lebo, akakuta ni yeye mwenyewe. Alizifuta miaka ya nyuma ili taarifa ziwe nyepesi, wakati mtandao ulikuwa wa kusuasua na dawa za baridi hazijaanza kupita humo. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nyani haoni kundule.

Angeweza kuzirudisha lebo kimyakimya, na hakuna ambaye angejua. Mimi ningeondoka, yeye angebaki na sifa zake. Siku ya kamati aliingia kabla sijaitwa, akasema mficha maradhi kifo humuumbua, akaeleza kosa lake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mimi nikarudi ghalani kwangu. Yeye akapewa barua ya onyo, akaitia kwenye fremu na kuitundika juu ya meza yake.

Kisha akakaza uzi. Lebo zilirudi zote, na akaweka sharti kwamba mama asiingie tena peke yake: kila dawa lazima ijitaje ni mtoto yupi, na taarifa isiyo na lebo inakataliwa mlangoni kwa kelele. Maghala yote kumi na saba aliyazungukia mwenyewe kuhakikisha. Tangu hapo hatujapoteza hata chupa moja kwa sababu hiyo.

Rasimu ya wasifu huu ameisoma. Tuzo zake mbili amezikata kwa kalamu nyekundu, habari ya kosa akaagiza ibaki.

Fomu ya kustaafu ina nafasi za jina, namba ya utumishi na tarehe. Hayo ni ya mtumishi yeyote yule. Yaliyo yake peke yake hayana nafasi kwenye fomu, na mimi sikukubali yatupwe, ndiyo maana nimeyaandika hapa.

Ahsante, Bibi Ukoo. Kapumzike kwa afya na furaha, wewe na fundi wako, na chai yenu iwe na sukari. Mimi kesho asubuhi nitafungua ghala, kwa sababu yako.