Nukta Anastaafu, Ukurasa wa 112 Unabaki

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi na nusu jioni, msomaji prufu mkuu wa kampuni yetu ya kuchapisha vitabu atashuka ngazi za ghorofa ya pili akiwa mstaafu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na sita na miezi miwili. Mbele yake tunamwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha darasa la tatu kabla ya kuja kwetu. Akigeuka tunamwita Nukta, kwa sababu ubishi wowote akiutia neno unaishia hapo. Jina hilo analijua. Mtu alipoliandika kwa herufi ndogo kwenye ubao wa matangazo, alipita na kulisahihisha bila kuuliza aliyeliandika.

Nimeombwa niandike wasifu wa kuchangamsha kwa jarida letu la wafanyakazi. Nitajaribu. Lakini mimi ni mpangaji kurasa, nimekaa meza ya pili kutoka kwake kwa miaka kumi na tisa, na katika miezi hii mitatu ya mwisho nimeona mambo yaliyonichemsha damu. Anayetaka kicheko kitupu afungue ukurasa wa michezo.

Mwalimu aliajiriwa kama karani wa kupokea miswada, enzi zile prufu, kurasa za majaribio za kusahihishwa, zilipokuwa zikipandishwa kutoka mitamboni zikiwa bado mbichi na kuchafua mikono ya shati. Hakuitwa kusoma chochote. Alisoma kwa kuwa karatasi zilikuwa mbele yake, na mwezi wa nne akagundua kwamba katika kitabu chetu cha jiografia, kilichoandikwa na wasomi watatu na kupitiwa na wahariri wawili, kulikuwa na mto uliotoka baharini ukamwaga maji yake mlimani. Meneja wa wakati huo alicheka, kisha akakimbia kwenda kusimamisha mtambo. Tangu hapo ikawekwa kanuni ambayo haijaandikwa popote lakini haijavunjwa: kitabu hakiendi mitamboni bila saini ya Mwalimu kwenye prufu ya mwisho.

Anavyofanya kazi mnafahamu mliopita chumbani kwetu, kile chenye dirisha linalotazama karakana ya kuziba matairi. Anafunika ukurasa kwa rula, anasoma mstari mmoja mmoja huku midomo ikicheza. Akimaliza anaurudia kuanzia mstari wa chini kupanda juu, kwa sababu anasema jicho likishaelewa linaacha kuona. Haruki hata nambari za kurasa.

Visa vyake ni vingi na nafasi ni finyu. Meneja mmoja alileta kadi ya harusi yake mwenyewe aipitishie macho tu. Ilirudi na masahihisho kumi na moja, likiwemo jina la bibi harusi, na bibi harusi alipoulizwa alisema Mwalimu ndiye aliyelipatia. Choo cha ghorofa yetu kilipobandikwa tangazo la kuwaomba wafanyakazi wakiache kama walivyokikuta, mtu aliongeza chini yake kwa wino mwekundu: "Na tuliokikuta kichafu?" Hakuna aliyekiri, lakini alama ya kuuliza ilikuwa nzuri mno kuwa ya mtu mwingine.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Miaka ishirini na saba iliyopita ilitua mezani kwake riwaya inayomhusu mkalimani wa mahakama. Imechapishwa mara kumi na tano, na wengi wetu tuna kazi leo kwa kuwa watu hawajaacha kuinunua. Mhusika mkuu hana jina, anaitwa Mkalimani mwanzo hadi mwisho. Anakaa kati ya hakimu na mshtakiwa, anabeba maneno ya kila mtu, na hakuna anayemtazama. Anavaa viatu vilivyozidi namba moja ili vidole vipumue. Akifikiri anaimba kwa pua. Ana mwenzake nyumbani, ana mtoto, ana jirani mgomvi. Na katika kurasa mia mbili na arobaini hakuna neno hata moja linaloonyesha kama ni mwanamume au mwanamke. Lugha yetu inaruhusu: alikuja, akakaa, akasema, basi.

Ajabu ni kwamba wasomaji hawakuona pengo lolote. Kila mmoja alikuwa na hakika. Mpishi wa kantini yetu alijua tangu sura ya kwanza kwamba Mkalimani ni mama mfupi mwenye magoti mabovu. Fundi mitambo wa chini alijua vilevile kwamba ni mwanamume mrefu aliyeinama mabega, mfano wa mjomba wake. Walipogundua kwamba wanazungumzia watu wawili tofauti, walibishana juu ya sahani kwa miaka. Kila mmoja alikwenda nyumbani kutafuta ushahidi kitabuni, na kila mmoja alirudi mikono mitupu na msimamo uleule. Mimi niko upande wa mpishi na sitahama. Wanafunzi waliandika barua wakidai jibu, na Mwalimu aliwajibu wote kwa sentensi moja, kwamba kitabu kimekamilika kama kilivyo.

Kilikamilika kwa sababu yake. Katika mswada lilikuwepo neno moja lililofichua siri, ukurasa ambao baadaye ukawa wa 112, pale Mkalimani anapopata mwenzi. Mnajua kitenzi chetu kilivyo: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, na hakuna njia ya katikati. Mwandishi alikuwa ameandika kimojawapo bila kufikiri. Mwalimu akakipigia mstari mwekundu na kuandika pembeni neno moja: "Lazima?" Mwandishi alikuja mwenyewe, akausoma ukurasa, akacheka sana, akakaa chumbani kwetu mpaka saa ya chai. Sentensi ilitoka hivi: "Mwaka ule Mkalimani alifunga ndoa, na hakuna aliyekumbuka kumpongeza." Mwandishi ametutoka miaka tisa sasa. Aliyebaki hai akijua neno la kwanza lilikuwa lipi ni mmoja tu.

Mwaka huu watu wa filamu wakatengeneza tamthilia ya televisheni kutokana na kitabu hicho. Siku ya kipindi cha kwanza tulikusanyika kantini saa ya chakula, kampuni nzima, na wengine walikuja na vitabu vyao vilivyochakaa. Akatokea Mkalimani. Ni kijana wa kupendeza, sina ugomvi na mama yake, mwenye kifua kilichotangulia kuingia mlangoni. Amevaa miwani ya giza mahakamani. Viatu vinambana na vinang'aa. Amepewa pikipiki, ambayo sijui aliitoa ukurasa gani, na kabla ya dakika kumi kwisha alikuwa ameshamfokea hakimu, yeye ambaye kitabu kizima hasemi sentensi ya kwake mwenyewe mbele ya watu mpaka sura ya mwisho.

Mpishi aliweka upawa chini akarudi jikoni. Tukamgeukia fundi mitambo tukitegemea atambe, maana upande wake ndio ulioshinda. Alikuwa amekunja uso kuliko sisi sote.

"Mimi nilisema mwanamume," alisema. "Sikusema huyu."

Mwalimu peke yake alitazama mpaka mwisho, akamaliza chakula chake, na akatuambia tusiwalaumu bure. Kamera haiwezi kupiga picha ya mtu asiye na mwili, alisema, kwa hiyo ilibidi wachague, na filamu ni yao. Mimi sina moyo huo. Watu wameishi na Mkalimani wao miaka ishirini na saba, wengine wamemsoma wakiwa wagonjwa, wengine wamewasomea wazazi wao waliopoteza macho, halafu wanaletewa mtu baki na kuambiwa ndiye huyu, mlikuwa mnakosea. Kama walitaka kijana wa pikipiki, wangemtungia hadithi yake. Nimesema.

Lakini hayo ya televisheni yalikuwa mbali na sisi. Yaliyoniudhi zaidi yaliingia kwa mlango wetu wenyewe, wiki mbili baadaye, pale mkuu wa masoko alipopanda na prufu za toleo la kumi na tano. Jalada lilikuwa na uso wa yule kijana, kifua chake na pikipiki yake. Mwalimu aliliweka kando. Akafunua moja kwa moja ukurasa wa 112, kama mtu anayejua palipovuja, na akakuta "alifunga ndoa" imetolewa na mahali pake pamewekwa "alioa".

Mkuu wa masoko ni dada mwenye adabu, na alieleza kwa upole. Watazamaji wapya watanunua kitabu baada ya kuona tamthilia, wakikuta mtu asiyejulikana ni nani watachanganyikiwa.

"Mwalimu, ni neno moja tu," alisema.

"Mwanangu, mimi niliajiriwa kwa ajili ya neno moja moja," Mwalimu alimjibu, na akamrudishia prufu bila saini.

Fundi mitambo alipoletewa kazi alitazama pale saini inapokaa, akaona patupu, akasema mtambo wake una hitilafu. Hitilafu ilidumu siku nne. Ndipo meneja mkuu akapata hoja nzito: huenda neno la asili la mwandishi lilikuwa "alioa", na kama ndivyo, kampuni haibadilishi kitabu, inarudisha haki ya marehemu. Nikatumwa mimi kuutoa mswada kwenye kabati la chuma. Tulikuwa wanne ofisini kwake: yeye, mkuu wa masoko, Mwalimu na mimi.

Mstari mwekundu ulikuwepo, na pembeni lile neno "Lazima?" Ila juu ya kitenzi chenyewe kulikuwa na wino wa bluu, wa kalamu ya mwandishi, uliokwaruzwa na kurudiwa mpaka karatasi ikatoboka. Meneja aliuinua ukurasa dirishani. Tuliona upande wa pili wa barabara kupitia kitundu.

Hapa lazima nieleze kitu ambacho wengine hawakijui. Meneja alikuwa amemwahidi Mwalimu kwamba baada ya kustaafu ataendelea kuletewa prufu nyumbani, kitabu kimoja kimoja, kwa mkataba. Mwalimu aliifurahia ahadi hiyo waziwazi, yeye ambaye furaha yake huwa haionekani kwa urahisi. Alimpa seremala vipimo vya meza, akaiweka karibu na dirisha, akawapiga marufuku wajukuu wake wanne wasiiguse. Kila saa ya chai tulisikia habari za meza. Nasema hivi ili ijulikane nini kilikuwa hatarini meneja aliposhusha ule ukurasa, akavua miwani na kuuliza lilikuwa neno gani, alioa au aliolewa, maana Mwalimu ndiye aliyelisoma.

Angeweza kusema amesahau. Ni miaka ishirini na saba, nani angembishia?

"Nalikumbuka vizuri, bwana meneja," Mwalimu alisema. "Mwenyewe alilifuta mpaka karatasi ikatoboka. Mimi silirudishi."

Mkuu wa masoko alikuwa wa kwanza kukusanya karatasi zake, na nampa heshima kwa hilo. Tamthilia ilikuwa inaingia wiki ya nne, maduka yanadai kitabu, siku zimekwisha. Asubuhi yake ukurasa wa 112 ulirudi kwetu kama ulivyokuwa tangu toleo la kwanza, Mwalimu akauwekea rula, akausoma kushuka na kupanda, akatia saini. Saa tano mtambo ulipona. Kitabu kiko madukani na uso wa yule kijana nje, na ndani Mkalimani alifunga ndoa na hakuna aliyekumbuka kumpongeza.

Kuhusu mkataba wa prufu, haujatajwa tena. Haukufutwa, maana kufuta kunahitaji mtu aseme. Umeachwa tu, na meneja akikatiza kwenye korido anaangalia saa yake. Mhariri wa jarida hili ameniomba niiondoe aya hii kwa kuwa wasifu si mahali pa malalamiko. Nimemjibu kwamba miaka thelathini na sita ya kutupunguzia aibu inastahili angalau aya moja ya ukweli, na kama ina kosa la lugha aipeleke kwa Mwalimu kabla ya Ijumaa.

Nimalizie na fomu niliyopewa na utawala ili niandike haya. Mstari wa kwanza unasema: "Bw./Bi. (futa isiyohusika)", na chini yake kuna kisanduku cha picha. Wenzetu wa ghala na wa tawi la pili, mnamjua Mwalimu kwa maandishi mekundu ya pembeni tu. Nimesikia mnavyobishana juu yake kwenye simu, na nimesikia mkimweleza kwangu, kila mtu na wake, na kila mtu kwa uhakika. Wengi mmekaribia sana, hasa kwenye ukali na kwenye ile huruma anayoificha. Kisanduku nimekiacha kitupu. Ya Bw. na Bi. nimefuta yote mawili, kwa wino wa bluu.

Ahsante, Mwalimu. Umetufundisha kwamba neno dogo lina mwenyewe. Tunakutakia afya, macho yasiyochoka, na wajukuu wanaosikia wanapokatazwa. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao nitabisha hodi kwako nikiwa na prufu za kurasa mia tatu kwapani, meneja apende asipende. Meza iwe wazi.