Sahani ya Aliye Njiani

Maisha ya mama yetu Augustine Kabedi Umba, yakisomwa na Abner, mtoto wake wa pili, kwa niaba ya familia nzima. Kamina, Jumamosi tarehe 16 Agosti 2025.

Wachungaji, wazee wa familia, mashemeji, majirani mliotuazima viti na masufuria tangu Jumanne, nanyi wenzake wa kazini mliokuja moja kwa moja kutoka jikoni, aproni bado zimefungwa kiunoni, tunawasalimu wote, na tunaomba mtuvumilie, kwa maana familia imechoka, sauti zimekauka, na mtakayosikia yametungwa na watu ambao hawajalala vizuri kwa muda mrefu.

Hatutasema hapa kwamba marehemu hakujua kuchoka, kama inavyosemwa katika misiba mingi. Alijua sana kuchoka, alichoka miaka na miaka, alisema waziwazi kwamba amechoka, halafu akafunga kitambaa chake kichwani akaenda kazini.

Augustine Kabedi alizaliwa Kabondo-Dianda tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa kwanza wa baba Umba Jephté na mama Mwila, ambao wote wawili wamekwisha kumtangulia. Baba yake alikuwa mtu wa reli, kazi yake ilikuwa kugeuza njia za treni na kusimama kando ya reli na taa ya mkononi yenye kioo cha kijani upande mmoja na kioo chekundu upande wa pili, na hivyo mtoto huyu alijua maana ya rangi hizo kabla ya kujua kusoma: kijani, njia ni wazi, pita, nyekundu, simama, kuna mtu kwenye njia. Mama yake naye alishika desturi ambayo ninyi mliokulia katika kambi za reli mnaijua, kwamba treni haina saa, inaweza kuchelewa mchana mmoja au juma zima, na kwa hiyo kila anayepika anapakua sahani moja zaidi, anaifunika, anaiweka kando, haiguswi mpaka watu wote wamekula, nayo ni ya aliye njiani. Haiulizwi ni nani. Akifika baba ni ya baba, akifika mgeni asiyejulikana hata jina ni ya mgeni, na asipofika mtu, asubuhi inapashwa moto na watoto wanaigombania.

Mwaka 1974 baba yao alihamishiwa Kamina, na hapa ndipo Augustine alipomaliza shule ya msingi mwaka 1977, akaingia shule ya sekondari katika masomo ya ushonaji na mapishi, na walimu wake walimsifu kwa mkono wake mwepesi na kumlaumu kwa mdomo wake, ambao haukuwa mwepesi hata kidogo, kwa sababu akiisha kuamua jambo alinyamaza, na kumwondoa katika kunyamaza kwake ilikuwa kazi. Aliacha masomo mwaka 1981, akiwa mwaka wa nne wa sekondari, baba yake alipopooza mguu, mama yake akaanza kulima mbali na mji, na mdogo wake Élisa alikuwa bado hajajifunza kutembea, basi Augustine alimfunga Élisa mgongoni akapika naye, akachota maji naye, akaenda sokoni naye, hata watu wa mtaa wakadhani mtoto ni wake.

Tarehe 9 Agosti 1986, kanisani, hapa Kamina, alifunga ndoa na baba yetu Ambroise Kalunga, mwendesha treni, ambaye mnamwona ameketi pale mbele na fimbo yake, na Mungu aliwajalia Mwila, Abner na Ngoie, pamoja na mmoja ambaye hakukaa nasi hata juma moja. Katika miaka yote baba alipokuwa kwenye reli, sahani yake ilimngoja, na mara nyingi ilimngoja siku kadhaa mfululizo, mpya kila siku. Alipostaafu mwaka 2015, akaanza kula nyumbani mchana na jioni kama watu wengine, aliona sahani bado inafunikwa, akauliza kwa mzaha ambao haukuwa mzaha wote: “Augustine, miye niko hapa. Ni nani tena uko mu treni?”

Mama hakugeuka kutoka kwenye chungu. “Iko muntu,” alijibu, yaani yuko mtu, na mazungumzo yakaishia hapo, kama mazungumzo mengi ya nyumba ile.

Kuhusu kazi, alipika katika bweni la shule tangu 1988, kisha akauza bukari, ugali wetu, na samaki karibu na stesheni, na mwezi wa Juni 2009 aliajiriwa katika kantini kubwa iliyo nyuma ya stesheni, inayowapikia wafanyakazi wa barabara na wa maofisi. Hapo alipewa meza ya mwisho, meza ya kupakulia, na kwa desturi yake alipakua sahani moja zaidi, akaifunika, akaiweka kwenye rafu karibu na mlango wa nyuma, na ikaliwa na dereva wa lori aliyeharibikiwa njiani, na mlinzi aliyeingia zamu bila kupita nyumbani, na wasafiri walioshuka treni wakiwa hawana nguvu hata za kuuliza njia. Kwa miaka mingi hakuna aliyesema neno, kwa kuwa katika sufuria za jiko kubwa sahani moja haionekani.

Mwezi wa Aprili 2021 ndipo zilipokuja kamera. Kwa ambao hawajaingia jikoni mle, tunaeleza: juu ya kila meza kuna kamera inayotazama chini, mbele ya kila chombo cha chakula kuna taa ndogo, taa ya bukari ikiwaka unachota bukari, taa ya sombe ikiwaka unachota sombe, yaani majani ya muhogo, ukifikisha kipimo inakuwa ya kijani, ukizidisha au ukipunguza inakuwa nyekundu, na mwishoni mwa meza ya mwisho, yaani meza ya mama, kuna taa kubwa, nayo kamera yake inahesabu sahani na kuzilinganisha na zile zilizoagizwa kutoka ofisini. Wenzake walilalamika kwamba wamerudishwa shule ya msingi, yeye akawacheka, akasema taa zilimlea na hazimtishi, na tena afadhali taa kuliko sefu Ngandu, mkuu wa jikoni, kwa sababu taa ikikukemea haikutemei mate usoni. Sefu Ngandu yuko hapa, anacheka, anajua ni kweli.

Lakini taa kubwa ilikuwa nyekundu. Kila siku, sahani zote zikiisha kupangwa vizuri, mama alipakua ile moja ya ziada, na taa ikawaka nyekundu mpaka jikoni kulipofungwa. Wakubwa wa Lubumbashi waliiona kwenye mitambo yao, wakampigia sefu Ngandu simu, naye akamwonya mama kwa upole, akamwonya mara ya pili bila upole, na mara ya tatu, mwezi wa Julai, alimwambia achague, sahani au kazi, kwa sababu chakula kinachotoka bila kuagizwa kina jina lake, na jina hilo ni wizi. Wapendwa, nyumba yetu wakati huo ilikuwa imesimama juu ya kazi ya mama peke yake, na kila mmoja wetu alilijua hilo, na yeye zaidi yetu sote.

Siku ile alirudi nyumbani akaketi barazani bila kuvua viatu. Baba alimwambia aachane na ile sahani, kwamba amechoka vya kutosha, kwamba hakuna mtu angemlaumu, na kwamba hata mama yake mzazi angeelewa. Lile neno la wizi lilimuuma, tuliona limemuuma, kwa maana alikuwa mtu ambaye hata chumvi ya jirani aliirudisha.

Asubuhi yake alimwendea sefu Ngandu kabla moto haujawashwa. Kila mfanyakazi wa kantini ana haki ya sahani yake mwisho wa kazi, na hiyo ndiyo aliyoitoa. “Sefu, sahani yangu muiondoshe,” alisema. “Ile ingine muiache.” Sefu Ngandu akamwita Kaumba, fundi wa kamera, na Kaumba akaingia katika mtambo wake, akafuta sahani ya mama kwenye hesabu ya wafanyakazi, akaongeza moja kwenye meza yake, na tangu siku hiyo taa kubwa ilikuwa ya kijani, wakubwa wakatulia, na jambo likasahaulika.

Sisi nyumbani hatukuambiwa. Tuliona tu kwamba mama alirudi jioni na njaa ya mtu aliyeshinda shambani, tukamtania kwamba kantini yao inashibisha wengine tu, akacheka nasi, akaomba aongezewe bukari. Tangu Julai 2021 mpaka alipoacha kazi alishinda kwa chai.

Ugonjwa wa tumbo ulianza mwezi wa Novemba 2024. Alivumilia, alikunywa dawa za miti na za duka, akaacha kazi mwezi wa Februari mwaka huu, akalazwa hospitali hapa Kamina, mwezi wa Mei akapelekwa Lubumbashi, na mwezi wa Julai madaktari walituambia turudi naye nyumbani. Tulipokwisha kujua habari ya chai, tulimuuliza daktari kama ugonjwa ulitokea huko. Alisema hapana, uvimbe ule hauji kwa sababu ya kukosa chakula cha mchana. Tumeamua kumwamini, maana hatuna nguvu za kufanya vingine.

Na tulijuaje habari ya chai? Mama alipoacha kazi, meza yake ilipewa Masengo, msichana mwangalifu, aliyepakua siku ya kwanza sahani zote zilizoagizwa, hakuzidisha, hakupunguza, na taa kubwa ikawaka nyekundu. Alihesabu upya. Walifuta kioo cha kamera, walizima wakawasha, wakahesabu wote pamoja, ikabaki nyekundu, mpaka Kaumba alipofika, akatazama, kisha akawaeleza kwamba mtambo hauna kosa, unangoja sahani ya Mama Augustine, na akaeleza pia ilikuwa inatoka wapi. Wengi wao, kama sisi, hawakujua. Kaumba aliuliza kama aifute, kwani ni kazi ya kubonyeza mara moja tu. Sefu Ngandu alisema aiache, akaenda akachukua sahani yake mwenyewe, akampa Masengo aifunike, na tangu siku hiyo wanapokezana, leo huyu anakunywa chai, kesho yule.

Mwezi uliopita, Masengo alikuja kumwona mama hapa nyumbani, akamsimulia yote. Mama alisikiliza amefumba macho, tukadhani amelala, kumbe alikuwa anangoja msichana amalize. Aliuliza tu ile taa ilikuwa rangi gani siku ya kwanza, naye akamwambia ilikuwa nyekundu.

“Ni sawa,” mama alisema. “Baba alikuwa anasema, nyekundu, iko muntu mu njia.”

Alituacha Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, kabla ya jua kuwa kali, mikononi mwa Ngoie, akiwa na miaka sitini na mmoja. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na mdogo wake Élisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kamina na wa Lubumbashi, waliotuambia ukweli hata pale ambapo hatukuutaka, inawashukuru majirani wa mtaa, kanisa letu na kwaya ya akina mama, na inawashukuru wenzake wa kantini, sefu Ngandu, Kaumba, Masengo na wengine wote, ambao leo wamepika chakula cha msiba huu jikoni mle mle, bila kuombwa.

Limebaki moja. Élisa alipanda treni Kabondo-Dianda siku ya Jumatano ili amzike huyu aliyembeba mgongoni. Jana alitupigia simu, injini imeharibika, wamesimama porini, kisha simu yake ikazimika. Tumengoja mpaka leo, na wachungaji wamesema, na ni kweli, kwamba mwili hauwezi kungoja zaidi. Tutamzika mama bila Élisa, na hilo ndilo linalotuchosha kuliko yote.

Asubuhi hii, chakula chenu kilipokuwa kimekwisha kupakuliwa, taa kubwa ilikuwa nyekundu, mpaka Masengo alipoongeza ya mwisho. Wameileta. Ni ile pale mezani karibu na mlango, imefunikwa kwa sahani ya bati yenye ua la bluu. Tunaomba watoto wasiiguse, na wakubwa pia, hata chakula kingine kikiisha, hata tukirudi kutoka makaburini na njaa.

Mama Augustine, umechoka, pumzika sasa kwa amani. Élisa akifika, atakula.