Klementina na Azalia za Chini ya Misindano

Wasifu huu umeandikwa na mama yake, Silvana, na unasomwa hapa mazishini na mjomba wake, Isdori.

Klementina Ndalahwa alizaliwa albino tarehe 14 Agosti 1973 huko Mtowisa, mtoto wa kwanza wa mzee Ndalahwa, mfugaji. Joto la bondeni lilimbabua ngozi. Mwaka 1978 baba yake aliuza ng'ombe, familia ikapanda kuhamia Chanji, kwenye nyanda za juu za Ufipa, tukiamini kwamba kwenye baridi jua haliunguzi. Asubuhi za Juni mama yake alimtoa nje kuota jua pamoja na watoto wa majirani. Kumbe jua la Ufipa huunguza bila mtu kusikia joto. Muuguzi alitueleza hivyo mwaka 1981, madoa yakiwa yameshamjaa usoni.

Alisoma shule ya msingi hapo Chanji, 1982 hadi 1988. Ubao hakuuona vizuri, lakini alimaliza darasa la saba. Baada ya hapo mama yake hakumruhusu kutoka mchana, mpaka mitumba ilipojaa sokoni na kofia pana zikapatikana.

Mwaka 1991 sista mmoja alimpa vipandikizi vya azalia, vichaka vifupi vya maua ambavyo majani yake hayapukutiki hata kiangazi. Alivipanda nyuma ya nyumba, chini ya miti mirefu ya misindano, kwenye udongo wa majani yaliyooza. Jembe halikusogea hapo, kwa kuwa mizizi ya azalia iko juu juu. Miaka miwili havikuchanua, kivuli kilizidi. Akamwomba baba yake apunguze matawi. Mama yake akakataa: "Jua litaingia!"

"Mama, umenifungia kama kuku anayeatamia, sasa na maua nayo?" alisema akicheka. "Lipenye kidogo tu. Nitavaa kofia."

Matawi yakakatwa. Oktoba 1993 vichaka vilijaa maua. Wenye nyumba za wageni zilizokuwa zikifunguliwa mjini wakaja kununua miche yake kwenye makopo. Hakumwuzia mtu kabla ya kumwuliza, "Kwako kuna kivuli?"

Ndoa hakujaliwa. Machi 1996 Lwitiko, karani kutoka Mbeya, alileta barua ya posa. Klementina aliomba kwanza apone kidonda cha sikioni. Lwitiko alisubiri, na leo yupo nasi.

Kidonda hicho kilimtokea Novemba 1995. Tulikipaka dawa, tukidhani ni cha kuungua kama vingine. Julai 1996, hospitalini Mbeya, tuliambiwa ni saratani, imeshashuka shingoni. Mama yake alimwuliza kama ni kwa sababu ya yale matawi.

"Hapana, mama. Daktari amesema ni jua la utotoni. Na wakati ule hakuna aliyejua."

Alifariki nyumbani, alfajiri ya tarehe 9 Septemba 1997.

Ameacha baba, mama, mdogo wake Obed, na Lwitiko.

Wazazi wenye watoto kama yeye, baridi ya Juni ikiwatetemesha, msiwatoe kuota jua. Wawashieni moto ndani.

Lala salama, mwanetu. Mungu akupokee.