Minazi Niliyopanda Mitondooni

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haivuki tena kizingiti. Saif, waache wateja waende, duka kufungwa adhuhuri moja hakutaangusha Kariakoo. Amna, niinue kidogo, mto uuweke mgongoni, hivyo, Mungu akuzidishie. Na wewe Mwalimu Azzan, uliyenisomea Yasini tangu asubuhi, kaa hapo mlangoni uwe shahidi. Kamwiteni na Bi Tatu wa chumba cha uani, aache vitumbua vyake kwanza, maana haya nitakayosema yanamhusu yeye kuliko ninyi.

Nyumba hii ya vyumba sita ni halali yangu. Niliijenga kwa jasho, tangu viwanja vya huku vikiuzwa na watu wakicheka kwamba ni mchanga na vyura tu, nani atahamia. Duka nalo ni halali. Gawaneni kama sheria inavyosema, Saif mafungu mawili, Amna moja, na wewe Saif usimkate dada yako hata upana wa mlango kwa kisingizio kwamba ameolewa Gerezani na mumewe ana kazi ya reli. Kazi ya reli ni ya reli. Hayo ni mepesi, ndiyo maana nimeanza nayo.

Zito ni shamba la Mitondooni.

Juzi nilikwambia, Saif, kwamba nataka shamba lile apewe Bi Tatu, liwe sadaka yangu. Ukanijibu kwa adabu, sikulaumu, kwamba wosia hauvuki thuluthi ya mali, na shamba lile lenye minazi mia tatu lina thamani kubwa kuliko nyumba na duka pamoja, na tena kuna mnunuzi wa Mchafukoge anayekuja Ijumaa. Nikamuuliza Mwalimu, naye akasema mwanao kasema kweli. Nimelala siku mbili nikitazama boriti hizi, nikajua Mungu amenibana mahali penyewe. Nilitaka kutoka duniani nikiitwa mkarimu. Mwenyezi Mungu hakuitaka hila hiyo.

Basi sikilizeni. Mlikuwa wadogo tulipokuwa na duka kule, hamkumbuki Mitondooni ilivyokuwa. Kijiji kilikuwa na watu! Jioni ukisimama barazani unahesabu moshi wa majiko arubaini. Wakaambiwa walime pamba, wakalima pamba, wakapunguza mtama na muhogo, maana pamba ilileta fedha na fedha ililipa kodi. Miaka kadhaa ikaenda vizuri, nami nikiwauzia kaniki na mafuta ya taa, nikanenepa. Kisha bei ikaanguka. Mimi sijui ilianguka wapi, wanasema Ulaya, ilianguka hata wanawake wakaiacha pamba ikining'inia shambani, kwa kuwa kuichuma na kuibeba mpaka barabarani kulikuwa hasara. Nazi kavu nazo zikafuata. Lakini kodi, wanangu, kodi haikuanguka hata senti. Asiye nayo alichukuliwa akavunje kokoto za barabara.

Wanaume wakaondoka. Wengine mashamba ya mkonge, wengine huku mjini kubeba mizigo. Walibaki wazee, wanawake na watoto, na usiwasikilize, Saif, hawa wanaokaa hapa dukani wakisema watu wa shamba ni wavivu. Nani alinde muhogo usiliwe na nguruwe, bibi wa miaka sabini? Shamba likikosa mikono miwili msimu mmoja, msimu wa pili ni kichaka. Na mimi muuza duka, kwa kuwa mfuko wao ulikuwa ndio mfuko wangu, nikaanza kula mtaji.

Kondo, mumewe huyu Bi Tatu, alikuwa ameniazima shamba la marehemu baba yake nilime muhogo. Aliniazima bure, kwa desturi ya kule ambayo kila mtoto anaijua: mwazimaji hulima cha msimu, hapandi mti. Anayepanda mti anasema ardhi ni yake. Na kila mavuno mwazimaji hupeleka kikapu kimoja kwa mwenyewe, si malipo, ni kukiri tu kwamba wewe ndiye mwenye shamba na mimi mgeni.

Kondo akaenda mkonge miaka miwili kutafuta kodi. Alipokuja kuniaga alisema, "Bwana Muhiddin, mama watoto nakuachia wewe jirani." Nikamwambia nenda, ndugu yangu.

Nikapanda minazi.

Bi Tatu alikuja wakati wa mavuno akasimama mbele ya duka. Hakudai, alisimama tu. Nikampimia chumvi na sukari nikamwambia pokea, jirani. Nilikuwa nimekwisha pima kila kitu kichwani: sukari ni hisani, kikapu cha muhogo kingekuwa ushahidi. Alinishukuru. Bi Tatu, ulinishukuru, unakumbuka? Mimi sijasahau siku hata moja.

Kondo aliporudi miche ilikuwa imenifika kiunoni. Tukaenda kwenye baraza la kijiji. Mkubwa wa baraza akauliza, "Nani kapanda?" Nikajibu, mimi. Neno hilo moja tu, na lilikuwa kweli. Kondo akasema nilimwazima huyu. Akaulizwa, kikapu alileta lini mara ya mwisho? Akamtazama mkewe, mkewe akatazama chini. Baraza likanipa shamba. Pale nje Kondo hakunitukana. Alisema, "Bwana, ungeniomba ningekupa kipande." Kikulacho ki nguoni mwako, wanangu, na nguo ile nilikuwa mimi.

Hawakuwa na pa kulima, wakaja mjini, nami nilikuwa nimekwisha hamia nyumba hii. Nikawapa chumba cha uani, nikaona nimetenda wema, na mwisho wa mwezi nikapokea kodi ya chumba. Kondo akabeba magunia sokoni mpaka kifua kikamshinda, akafia humu ndani. Sanda nilinunua mimi. Watu wakanisifu msibani, nami nikakaa nikasifiwa.

Maji, Amna. Kidogo. Basi, yatosha.

Sasa Saif, sheria yako ni sahihi. Thuluthi ni ya mali ya marehemu, na urithi ni wa mali ya marehemu. Shamba lile si mali yangu. Halitolewi sadaka wala halirithiwi, linarudi tu. Mwalimu, umesikia? Nimelidhulumu, kwa akili zangu timamu. Minazi isikatwe, ibaki iwe fidia ya miaka yao. Mnunuzi akija Ijumaa mwambieni baba yetu hakuwa na cha kuuza. Na chumba cha uani Bi Tatu akae bila kodi mpaka atakapopenda kurudi kwao. Akirudi, mazao yake yapokeeni hapa dukani kwa bei ya sokoni, msimbane kwa kuwa ametoka mbali na jua linamfukuza.

Bi Tatu, sikuombi unisamehe mbele yao, utaona haya ukakubali. Nifikirie ukiwa peke yako.

Moja limebaki... nipeni pumzi. Jeneza likiwa mlangoni, desturi ni kutangaza, anayemdai marehemu awaone wafiwa. Watu hunyamaza, maiti hubebwa. Mimi msinifanyie hivyo. Saif, utasimama wewe mwenyewe, mbele ya watu wa mtaa, utaje jina: baba yetu alichukua shamba la Kondo wa Mitondooni. Ndipo mnibebe. Najua utaumbuka, mwanangu. Umbuka. Aibu yako ni ya mchana mmoja.

Mungu awape riziki msiyoiogopa. Amna, awape watoto wako... wakusikilize. Saif, akupe moyo mpana kuliko wangu, akupe...

Nigeuzeni, ubavu wa kulia. Kibla.

Saif, sijui kama utaweza siku ile. Sema sasa, nisikie. Shamba ni la nani?

Sema, baba. Kwa sauti. Si mimi... mtazame yeye.