Mawe Mekundu ya Simu na Goti Langu

Batata na bamama, baba na mama zetu, ndugu zangu wa shirika letu la sala hapa Kapata, aksanti kwa kunipa dakika hizi. Kwa kawaida anayesimama hapa mbele anatueleza jinsi pombe ilivyomwangusha, au ugonjwa, au matatizo ya ndoa. Mimi niliangushwa na mchezo wa simu. Naona wengine mnatabasamu. Tabasamuni tu, hata mimi mwanzoni nilikuwa nacheka.

Wengi mnanijua. Nilikuwa dereva mgodini, naendesha lile kamio kubwa la kubeba mawe, ambalo ukisimama kando ya gurudumu lake kichwa chako hakivuki katikati. Kwenda kwenye kiti cha dereva unapanda ngazi kama unapanda juu ya paa. Siku moja ya mvua nilikuwa nashuka, buti zangu zimejaa tope, nikateleza. Hakuna mtu wa kulaumiwa. Ngazi ile nilikuwa nimeipanda na kuishuka miaka tisa. Mfupa wa paja ulivunjika karibu na goti, na goti lenyewe likaumia vibaya. Wakanipasua, wakaweka chuma, wakanirudisha nyumbani na magongo mawili.

Hospitalini kuna mama anayefundisha wagonjwa mazoezi ya viungo, sisi tunamwita kine. Alinipa karatasi yenye picha. Kukunja goti, kunyoosha, kuinua mguu juu, kuushusha polepole. Mara thelathini asubuhi, thelathini mchana, thelathini jioni, halafu naweka alama kwenye kisanduku kila ninapomaliza. Akaniambia, "Tata, madaktari bamemaliza kazi yabo. Hii ingine ni ya kwako."

Nilianza vizuri. Siku nne, tano. Lakini ndugu zangu, nawaambia ukweli, sijawahi kuona kazi isiyo na shukrani kama ile. Unakunja goti mpaka machozi yanatoka, unaangalia, goti liko palepale. Kesho vilevile. Mke wangu ni mwalimu, alikuwa anatoka asubuhi na mtoto wetu wanaenda shule, mimi nabaki peke yangu na ukuta. Mtu niliyezoea kuamka na kuendesha mzigo mkubwa hivyo, sasa hata kikombe cha chai nabebewa.

Ndipo nikaweka ule mchezo kwenye simu.

Ni mchezo wa vita. Unakuwa askari mwenye panga, unacheza pamoja na watu wengine walio mbali, mnakuwa kikosi kimoja, mnasikilizana kwa sauti. Panga lako linaanza dhaifu. Ukitaka kulipandisha daraja unahitaji mawe mekundu, na mawe hayo yanatoka kwa nyama mmoja, mnyama wa porini anayekaa kwenye bonde. Unampiga, anakufa, anaacha jiwe. Baada ya kitambo kidogo anafufuka, unampiga tena. Sisi kwenye kikosi tulikuwa tunaiita kazi hiyo kulima. "Uko wapi?" "Niko nalima." Yaani mtu wa Kolwezi, niliyebeba mawe maisha yangu yote, nilivunjika mguu nikaenda kutafuta mawe mengine ndani ya simu. Chekeni tena, ni haki yenu.

Lakini nisiwadanganye. Ulikuwa mtamu. Siku zile za kwanza ulikuwa mtamu kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho. Kwa nini? Kwa sababu ulinilipa papo hapo. Piga, jiwe. Piga, jiwe. Mawe yakifika mia, panga linawaka mwanga, muziki unalia, na jina langu linapanda juu ya wengine. Goti langu halikuwahi kunipigia muziki. Kwenye kikosi waliniita chef, yaani mkubwa wao. Walipouliza kazi yangu nikasema mimi dereva wa kamio kubwa, jana tu nilikuwa juu yake. Nilisema hivyo huku magongo yameegemea kitanda.

Halafu mambo yakabadilika, na sikuona yalipobadilika. Daraja la kwanza mawe mia. La pili mia mbili. Nilipofika daraja la kumi na tano, nilihitaji maelfu, na yule nyama sasa alikuwa haachi jiwe kila mara. Nampiga mara tano, napata moja. Nyama yuleyule, bonde lilelile, kilio kilekile anapokufa. Kidole gumba kilivimba. Sikuwa nafurahi tena, lakini nilikuwa siwezi kuacha, kwa sababu nikiacha, yale yote niliyolima yatakuwa bure. Nikajiambia, fika daraja linalofuata, utapumzika. Nikifika, furaha inakaa muda wa kunywa maji, halafu namba mpya inatokea, kubwa kuliko ile ya kwanza.

Na karatasi ya kine? Niliijaza. Kila jioni kabla mke wangu hajafika naweka alama kwenye visanduku vyote, haraka haraka, kama mwanafunzi anayenakili kazi ya mwenzake. Mguu sijauinua hata mara moja.

Kuna siku moja nataka muisikie. Mke wangu alikuwa ameanika mihogo uani, kazi yake ya siku tatu, ya kutengeneza unga wa bukari, ugali wetu. Akaniomba neno moja tu kabla ya kutoka: mvua ikija, vuta turubai juu yake. Turubai lilikuwa palepale, ningelifikia kwa magongo. Mvua ikaja mchana. Nikaisikia kwenye mabati. Nilikuwa nimebakiza mawe kumi na moja. Nikasema, kumi na moja tu, natoka. Ndugu zangu, yale mawe kumi na moja hayakuisha mpaka mvua ilipoisha.

Mke wangu akarudi. Hakupiga kelele. Aliinama uani na nguo zake za kazi, anachagua kipande kwa kipande, anaangalia kipi kitapona. Mtoto akamwuliza, "Mama, papa alikuwa analala?" Akajibu, "Ndiyo, alilala." Alinisitiri mbele ya mtoto, na mimi nilisikia kupitia dirishani. Mngedhani nilitupa simu siku ile. Sikutupa. Niliona aibu, na ile aibu nikaenda kuificha mulemule ndani ya mchezo.

Wiki iliyofuata ilikuwa siku ya kupimwa. Kine akachukua karatasi yangu, akaona alama zote zimejaa vizuri. Akashika mguu, akajaribu kukunja goti. Likagoma. Akajaribu tena taratibu, nikapiga kelele. Akaweka karatasi pembeni.

"Tata, karatasi inasema ulifanya yote. Goti inasema haukufanya kitu."

Nikafunika goti kwa suruali.

"Sikukasirika," akasema. "Lakini sikiliza. Hii goti iko inafunga. Ikifunga kabisa, mi sitaweza tena. Itakuwa mambo ya kupasua mara ya pili, na hata hivyo sijue. Muchana yote unafanya nini?"

Nikamwambia, nacheza kwenye telefone. Nilitazamia anikaripie, na nilikuwa na majibu tayari. Yeye akavuta kiti, akakaa karibu nami, akasema, "Nionyeshe."

Nikafungua. Nikamwonyesha panga langu, na kusema kweli nilijisikia fahari. Akauliza maswali kama mtu anayetaka kujifunza. Jiwe linatoka wapi? Huyu nyama anafufuka baada ya muda gani? Halafu akauliza, "Na kwa siku moja unamupiga mara ngapi?"

"Mia mbili. Siku ingine mia tatu."

"Mia tatu." Akatikisa kichwa, si kwa dharau, kwa mshangao. "Basi kuvumilia kitu kimoja kila siku, hiyo unaweza. Mi nilifikiri hauwezi." Akaelekeza kidole kwenye simu. "Na yule wa mara ya mia tatu, ukimupiga, unasikia furaha?"

Nilitaka kujibu ndiyo, lakini haikuwa kweli. Nilikumbuka mihogo. Nikaanza kulia pale hospitalini, mtu mzima, dereva, mbele ya wagonjwa wengine. Kine akanipa muda wangu. Nilipotulia akasema, "Mi sikatazi muchezo. Nakuomba kitu kimoja. Usijaze tena kartasi ya uongo. Jaza kama umefanya. Kama haukufanya, acha wazi, tutaongea."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kila kitu. Karatasi, mihogo, uongo wote. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema sijala. Akaniwekea bukari na sombe, akakaa mbele yangu, akasema, "Nilijua ya kartasi. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe." Nilitamani anitukane, ingekuwa rahisi kwangu.

Sasa msidhani kutoka pale nilipona. Nilianza mazoezi, na yalikuwa yaleyale. Maumivu, na hakuna kitu. Siku tisa nilikunja goti lile, mara tisini kila siku, halikusogea upana wa kidole. Mchezo usingekufanyia hivyo. Ungekurushia hata jiwe moja ili usiondoke. Siku ya kumi nikaacha visanduku wazi. Nikafungua simu, nikarudi bondeni.

Kikosi kilikuwepo. Tulikuwa sita. Mmoja wetu alikuwa mzee wa Lubudi, aliyefanya kazi kwenye reli, na alikuwa mchezaji dhaifu kuliko wote. Panga lake halikupanda kamwe. Akaniuliza, "Chef, siku hizi umepotea. Kamio inakuchosha?"

Sijui nini kilinishika. Nikasema, "Bandugu, nilibadanganya. Mi siendeshe kamio tena. Muguu ilivunjika. Goti iko inafunga, na banasema nisipofanya mazoezi sitatembea vizuri. Leo sikufanya."

Nyama wa porini anatembea pale bondeni, hakuna anayempiga. Nikafikiri wamenicheka na kuzima sauti. Halafu mzee akasema, "Mazoezi gani?"

Nikaeleza. Kuinua mguu, mara thelathini.

"Haina neno. Weka telefone chini. Inua muguu, siye tutahesabu."

Ndugu zangu, askari sita walisimama pale bondeni bila kupigana, na watu wale ambao sikuwahi kuwaona uso walinihesabia mguu. Mzee anahesabu kwa Kiswahili. Mwingine, mama mfanyabiashara wa Kisenge, anahesabu kwa Kifaransa. Kufika kumi na tisa nikasimama kwa maumivu, wakangoja. Hakuna aliyeniharakisha. Mama wa Kisenge akasema tu, "Tuko kumi na tisa, tata." Nikainua tena. Tulifika thelathini.

Kesho yake, saa kumi za mchana, mzee akanipigia. Na kesho yake. Miezi mitatu hawakukosa. Siku nyingine hatukufungua mchezo kabisa, tulihesabu tu, halafu tukaongea. Siku moja nikamwuliza mzee, kwa nini panga lako halipandi? Akacheka. "Mi siweze kupiga nyama moja siku muzima, nasikia usingizi. Mi nakuja juu ya kuongea. Bibi yangu, mama ya batoto, alikufa, nyumba iko kimya." Nikaelewa kwamba mchezo uleule ulikuwa mzuri kwake wakati kwangu ulikuwa umegeuka kamba ya kunifunga. Yeye alichukua kilichokuwa na uhai, watu. Mimi nilichukua mawe.

Siku ya ishirini na kitu goti lilisogea. Kidogo sana, kine ndiye aliyeona kwa kifaa chake. Hakuna mwanga uliowaka. Lakini mke wangu alipoambiwa, alikaa chini kwenye sakafu ya hospitali akacheka peke yake, na mimi sikuhitaji muziki mwingine.

Leo natembea bila gongo. Goti halikunjiki lote, mmeona wakati wa sala nakaa wakati ninyi mnapiga magoti, sasa mjue sababu. Kamio sitaendesha tena. Niko ofisini, naongoza madereva kwa redio, na kazi hiyo naipenda. Panga langu liko daraja la kumi na tisa mpaka leo. Mara moja moja tunaingia, tunapigana kidogo, tunacheka, tunatoka.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, aliyenisitiri na kungoja. Namshukuru kine, aliyevuta kiti. Nawashukuru wale watano, na hasa mzee wa Lubudi. Mwezi uliopita nilipanda treni kwenda kumsalimu. Kutoka stesheni mpaka mlangoni kwake nilitembea kwa miguu yangu, naye akatoka, akaangalia mguu kabla ya kuangalia uso.

Sisemi michezo ni mibaya. Kurudia kitu kimoja kila siku kuna siku kunajenga na kuna siku kunakula mtu, na kwa nje vinafanana. Mimi sikuweza kutofautisha peke yangu. Ilibidi mtu aniulize, na aniulize bila hasira. Kwa hiyo, mwenye mtu nyumbani aliyezama ndani ya simu, mume, mke, au mtoto, nakuomba usimnyang'anye. Leo ukirudi, vuta kiti, kaa karibu naye, umwambie akuonyeshe. Halafu mwulize kama anafurahi, na uwe na subira ya kungoja jibu.