Ukuta Niliouchora kwa Mkono wa Kushoto

Bwana asifiwe, watu wa Same! Asifiwe na ninyi mlioshuka kutoka Mamba kwa basi la alfajiri, maana nawaona pale nyuma bado mmevaa masweta wakati sisi wa huku chini tunatoka jasho!

Ndugu zangu, mimi naitwa Navoneiwa, na kazi yangu ni kuchora. Wengi mliijua kazi yangu kabla ya kunijua mimi. Yule simba kwenye ukuta wa kinyozi karibu na stendi ni wangu. Yule mama anayecheka kwenye mlango wa saluni, nimemchora mimi. Leo nimeomba nafasi niwasimulie mwaka mmoja uliopita, na nawaambia mapema kwamba nimesimama hapa nikijivunia. Mtu asinikonyeze nishuke! Bila Bwana nisingekuwa na la kusema, lakini kazi aliyonipa nimeifanya, na imependeza!

Mwaka jana nilikuwa Hedaru, nachora ukuta wa duka la jumla la Mzee Shabani, barabarani kabisa. Nilikuwa juu ya ngazi namalizia jina la duka. Lori likapita kwa kasi, ngazi ikayumba, nikaenda nayo chini. Niliangukia mkono wa kulia. Mzee Shabani, Mungu ambariki, alifunga duka palepale, akanipakia kwenye gari lake mpaka hospitali. Njia nzima yeye akisoma dua, mimi nikimlilia Yesu. Tulifika salama.

Mfupa uliunga, ndugu zangu, lakini vidole vilikataa. Daktari alinipa kalamu niishike, ikaanguka. Akanipa tena, ikaanguka tena. Akaniambia kwa upole, "Mama, mshipa wa fahamu umeumia. Kijiko utashika. Brashi, siwezi kukuahidi."

Mnajua maana ya maneno hayo kwa mtu ambaye tangu darasa la tatu hajui kazi nyingine? Nilirudi nyumbani, nikatazama makopo ya rangi, nikahisi yananicheka. Wateja walikuja, wakanipa pole, wakaondoka kutafuta mtu mwingine. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo sikumwambia mtu: nilikuwa nikiona ngazi, hata ya jirani anayepaka chokaa, nageuza njia. Nikafunga chumba, nikapanda kwa mama yangu Mamba. Nilibeba ndoo ya brashi zangu nikiwa na nia moja tu, mama azichome jikoni.

Mama yangu ni yule pale, mwenye kilemba cha njano. Simama mama wakuone! Mama alizitazama zile brashi, akasema, "Jikoni kwangu nachoma kuni." Akazitundika ukutani, akanipakulia makande. Hakunihubiria hata neno moja.

Wakati huo ulikuwa wa kuvuna tangawizi, magunia yamejaa uani yakisubiri gari. Asubuhi moja mama aliniletea rangi nyeusi kidogo na brashi moja. Alisema nami kwa Kichasu chetu cha nyumbani, nawatafsiria.

"Andika jina langu kwenye magunia, yasije yakapotea sokoni."

"Mama, mkono hauwezi."

"Huo mwingine je?"

"Huo haujawahi kuandika."

"Basi leo uanze. Gari linakuja saa nne."

Akaenda zake shambani! Nilikaa pale nimekasirika. Halafu nikaishika brashi kwa mkono wa kushoto, nikaandika. Herufi zililala kama walevi. Nikaandika gunia la pili, la tatu, jasho linanitoka, ulimi nje kama mtoto. Gari lilipofika, jina la mama lilikuwa linasomeka. Ndugu zangu, nililia! Nililia mbele ya utingo wa gari, naye akadhani nalilia tangawizi.

Jirani akaleta magunia yake, na jirani wa jirani akaleta yake. Mvua za masika zilipoanza nilikuwa nimeshatoka kwenye magunia, nachora kwenye mbao. Nilimchora mama. Akaitazama ile mbao kwa muda mrefu, akauliza, "Huyu ni mimi, au ni gimbi?" Nikamchora tena. Mara ya tatu akaenda kubadilisha kanga, akarudi akakaa vizuri. Hapo nikajua nimefika mahali.

Sasa sikilizeni mambo aliyotenda Bwana. Mchungaji wa kule Mamba aliona zile mbao. Ukuta wa mbele wa kanisa lao ulikuwa mweupe mtupu, akasema angependa nichore Yesu akiwalisha makutano. Wazo hilo likapelekwa kwenye kikao cha kanisa. Mzee Mgonja, mzee wa kanisa tangu sijazaliwa, akasimama.

"Binti, nakuheshimu na pole zako nilikupa," alisema. "Lakini sisi hapa kwa mkono wa kushoto hatumpi mtu hata maji. Leo ndio tumchoree Bwana?"

Nilitaka kuondoka. Ndipo mama akainuka kutoka upande wa akina mama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Aliyemuumba binti yangu aliumba mikono yote miwili. Kama huu wa kushoto ni wa mwingine, nitajie jina lake."

Haleluya! Watu walicheka, mchungaji akainamisha kichwa asionekane akicheka. Ikaamuliwa nianze na sehemu ya chini ya ukuta, wazee watazame, kisha waseme.

Nikaanza na makutano. Niliwakalisha watu kwenye nyasi za mlimani kwetu, tambarare ya Mkomazi ikionekana kwa mbali chini yao. Niliwapa sura za watu wa pale. Mzee Mgonja alikuja kila asubuhi, akaketi benchi la mbele na fimbo yake, akatazama bila kusema kitu. Kumbe ni afadhali mtu akugombeze! Nilichora huku mgongo unawasha.

Asubuhi moja nikasikia fimbo imeanguka. Nikageuka. Mzee alikuwa amesimama mbele ya mama mmoja kati ya makutano, mama aliyefungua mdomo anaimba.

"Huyu umempata wapi?" aliuliza.

Alikuwa marehemu mke wake. Ndiye aliyetufundisha kuimba shule ya Jumapili, sisi watoto wote wa kijiji kile.

"Alinifundisha kuimba, mzee. Sijamsahau."

Akagusa meno yake kwa kidole. Kisha akasema polepole, "Alikuwa na pengo. Hapa."

"Nimeliweka. Sogea uone."

Alisogea, akaliona lile pengo. Akavua kofia. Sikumtazama usoni tena, nikaendelea na kazi, maana kuna saa ya kumwachia mtu nafasi yake.

Wazee wakatazama, wakasema niendelee. Ilibaki sehemu ya juu, yaani sura ya Bwana mwenyewe, na juu hakufikiki bila ngazi. Ngazi ilikuwa imeegemezwa tayari, nami nimesimama chini. Niliomba. Nikapanda hatua moja, nikashuka. Nikapanda, nikashuka tena. Mzee Mgonja akaniona. Akaweka fimbo benchini, akaja, akaikamata ngazi kwa mikono miwili, akaikanyaga chini kwa mguu.

"Panda, mwanangu. Nimeishika."

Nikapanda, ndugu zangu! Nikapanda mpaka juu! Hofu iliyonikalia tangu Hedaru ilibaki chini kule, na sijaiona tena hadi leo. Siku zote za kazi ile mzee alishika ngazi, mpaka nilipomaliza macho ya Bwana. Nami niliyachora kwa mkono huu hapa, wa kushoto, na hayakupinda!

Mkono wa kulia bado haushiki brashi. Sitawadanganya madhabahuni. Nilimwomba Bwana anirudishie mkono mmoja, akanifungulia mwingine, na kazi za mwaka huu ni nzuri kuliko zote nilizofanya nikiwa mzima. Nasema hivyo bila haya. Ahsante Bwana! Ahsante mama! Ahsante Mzee Shabani wa Hedaru, ambaye amenitumia salamu kwamba jina la duka lake bado halijamalizika!

Na wewe uliyeketi hapo, umepoteza kitu ulichokuwa unakitegemea, usichome kilichobaki. Mpe Bwana hichohicho, hata kama kinatetemeka, hata kama watu wanakiona hakifai. Mwamini! Mimi nimemjaribu.

Mkitoka, picha zangu nimezipanga nje kwenye viti. Tazameni, piteni na watoto, semeni mnavyoona. Ila ile ya mwisho upande wa mlangoni msiiguse. Nimeimaliza jana, na rangi bado mbichi.